Mgeni Aliyechota Maji

Hafia Melnychuk aliamka akakuta ndoo zote mbili zimejaa maji, na hakuwa amezijaza yeye. Mumewe Onufri alikuwa mbali, akitandika reli tangu majani yapukutike, na jirani wa karibu alikaa mwendo wa saa nzima kwenye theluji. Hafia alizitazama zile ndoo, akachoka hata kuogopa. Akanywa.

Huo ulikuwa msimu wao wa tatu wa baridi hapo Alberta, Kanada. Serikali ilitaka shamba likaliwe miezi sita kila mwaka, kwa miaka mitatu, ndipo liwe lenu. Mkiliacha, anapewa mwingine. Ilibaki miezi mitatu tu. Kwa hiyo Hafia alikaa.

Shida aliiita kwa mdomo wake mwenyewe. Mkesha wa Krismasi aliwaandalia marehemu wao ngano ya asali, kama walivyofanya kwao Galicia, ng'ambo ya bahari, akawakaribisha mezani. Ila kwa upweke akaongeza: aliyefia huku bila kuombewa na mtu, naye aje ale. Asubuhi yake wafu huagwa warudi walikotoka. Hafia alipitiwa na usingizi hadi jua likawa juu, asimuage yeyote.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Kuni zilipasuliwa, majivu yakazolewa. Harufu ya udongo mbichi na sufu iliyolowa ikakaa karibu na jiko, na mchana kweupe, akiwa ameinamia kushona, Hafia alisikia pumzi ya mtu aliyechoka kama yeye ikivutwa na kushushwa kwenye benchi lisilo na mtu, na alipoinuka kuongeza kuni alikuta zimeshaongezwa.

Akaenda kwa Bibi Yavdokha, mganga wa nta. Bibi aliyeyusha nta, akaimimina katika bakuli la maji aliloshika juu ya kichwa cha Hafia. Ikaganda kwa umbo la mtu aliyejikunja.

"Ni yule aliyepewa shamba lenu kabla yenu," Bibi alinong'ona. "Aliganda kwa baridi akiwa amebakiza miezi mitatu. Sasa anaimalizia kwako, mwanangu. Kila siku anayofanya kazi ni siku yake, si yenu; akizimaliza, shamba ni lake."

"Nifanyeje, bibi?"

"Mtangulie. Alfajiri tatu mfululizo uchote maji mwenyewe, upasue kuni mwenyewe, umwambie: kazi ni yangu, nenda na Mungu. Usiruke hata moja."

Alfajiri ya kwanza alimtangulia. Ya pili alimtangulia, viganja vikitoka damu. Ya tatu alisikia kuni zikipasuliwa nje, akajua ni lazima ainuke, na mwili ukakataa. Na kwa jinsi ilivyo raha kumsikia mwingine akifanya kazi yako nawe umelala, Mungu amsamehe, alivuta blanketi. Kutoka hapo kila jioni alisema kesho.

Onufri alirudi theluji ikiyeyuka, miezi mitatu kamili tangu mkesha ule. Akagonga.

"Hafia, mke wangu, mbona umejifungia? Fungua."

Hafia alitaka kuinuka, akilia kwa furaha na kwa hofu pamoja, lakini mkono mzito wa baridi ulimshika bega ukamkalisha polepole, kwa upole kabisa, na sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa majira yote yale, sauti ya mtu ambaye hatimaye amemaliza kazi yake, ikamwambia sikioni:

"Wewe umechoka. Keti. Nitatoka mimi nimwambie hapa pana mwenyewe."

Komeo likaanza kuinuka.