Kidole Gumba cha Chaki

Kengele ilikuwa imelia, na korido ya kituo cha masomo ya jioni ilijaa wanafunzi hadi watu wanapita ubavu ubavu. Mwalimu wa hesabu ambaye wote walimwita Madam aliingia darasani kwake, blauzi nyeupe imenyooshwa ikanyooka, akamkuta mwalimu mgeni bado yuko ubaoni. Mgeni akalamba kidole gumba, akafuta alama ya kutoa, akaandika ya kujumlisha. Kisha akakilamba tena, vumbi na yote.

Madam alikunja pua kwa kinyaa. "Kifutio si hicho hapo?"

"Kidole kiko karibu zaidi, dada."

Madam alicheka, akajichukia kwa kucheka.

Wanafunzi walimpachika mgeni jina la Chaki, na haikupita miezi mingi akawa mpenzi wa Madam. "Umekula, laazizi?" Chaki alikuwa akiuliza kwenye simu. "Nimekula. Wewe umenawa?" Walicheka wote wawili, lakini kila aliposhikwa mkono, Madam alikikwepa kile kidole.

Siku moja akakuta kazi ya Chaki ubaoni: x² = 5x. Bwana alikuwa amegawa pande zote kwa x, akapata x = 5, akaipigia mistari miwili kwa mbwembwe. Sifuri, ambayo nayo ni jibu, imetupwa kama ganda la ndizi. Kinyaa kilichompanda Madam kilishinda cha mate.

"Upuuzi mtupu," aliliambia darasa, akifuta. "Anayegawa kwa x bila kujiuliza kama x ni sifuri asiniandikie ubaoni."

Jioni hiyo hiyo maneno yakamfikia Chaki, na simu ya Madam ikaita.

"Kumbe unanionea haya."

"Nimesahihisha mlinganyo tu, mpenzi."

"Unanitazama kama nzi kwenye chai tangu siku ya kwanza. Mkono wangu unaushika kwa ncha za vidole. Unadhani sioni?"

Ilikuwa kweli. Chaki akakata simu, na wiki nzima hakupiga. Sasa kinyaa kikamgeukia Madam mwenyewe: kumwaibisha mtu mbele ya wanafunzi wake, kwa kosa la kuelezana koridoni.

Alienda kuomba radhi, akasimama mlangoni mwa darasa la Chaki.

"Niligawa kwa x, nikapoteza jibu," Chaki alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Leteni vyote upande mmoja, mtoe x nje ya mabano. x(x + 5) ni sawa na sifuri." Akaona amekosea alama. Kidole kikapanda mdomoni, macho yakakutana na ya Madam, kikashuka. Akatafuta kifutio. "x(x − 5). Majibu mawili, sifuri na tano. Madam alikuwa sahihi."

Wanafunzi walipotoka, Madam akasema, "Nilikukosea heshima. Nisamehe."

"Na kidole?"

"Kidole bado kinanichefua."

"Basi nikuoe hivyo hivyo?"

"Kanawe kwanza. Kwa sabuni."

Chaki alitoka mbio hadi bombani. Aliporudi, maji yakimdondoka sakafuni, Madam alikigeuza kile kidole kwenye mwanga, akakinusa.

"Haya," akasema, "nioe."