Zamu ya Geti la Cill Bhrannain

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Beathag MacAskill mwenyewe. Ilikuwa Novemba 2009, jikoni kwake mjini Oban, Scotland, na msikilizaji alikuwa mmoja tu: Ciorstaidh, binti wa dada yake. Aliisimulia mara moja, uso ameuelekeza kwenye sinki, na hakuirudia tena. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, bila kutiwa chumvi.

Mwezi wa Machi 2003 Beathag alikuwa akipanga safari ya siku ishirini na mbili: tisa Ireland, nane Scotland, tano Wales. Wageni ishirini na wanne, wengi wao wazee, basi moja, dereva mmoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi hiyo, na kanuni yake ilikuwa moja. Njia haipimwi kwa ramani. Hupimwa kwa goti bovu kuliko yote ndani ya basi. Kila mahali ambapo wageni wangeshuka, alitangulia yeye, akatembea kama kikongwe, saa mkononi, akaandika dakika.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa na pengo. Mgeni mmoja, Lachlan Rankin kutoka Nova Scotia huko Kanada, alikuwa ameandika barua kwa mkono wake. Mababu zake walihama kutoka Cill Bhrannain, kijiji cha pwani ya Scotland, na aliomba kuyaona makaburi yao.

Beathag aliisoma barua hiyo mara mbili. Cill Bhrannain ndiko alikozaliwa. Mama yake, Oighrig, alizikwa huko mwaka 1987. Na yeye hakuwa amekanyaga huko kwa miaka tisa.

Alifika jua likikaribia maji. Ufunguo wa geti la makaburi ulikuwa kwa Fearchar, mzee wa nyumba ya mwisho kabla ya ufuko. Alimfungulia mlango huku moshi wa udongo mweusi wanaouchoma kule badala ya kuni ukitoka nyuma yake.

"Lo! Binti wa Oighrig. Nilidhani barabara ya kuja huku imekufa."

"Naomba ufunguo, Mzee Fearchar. Nusu saa tu, nakurudishia."

"Unakwenda kumwona mama?"

"Nakwenda kupima njia. Nina wageni Juni."

"Ahaa. Watalii ndio wanaokuleta kwa mama yako. Basi wapewe asante zao." Mzee aliutoa ufunguo msumarini, lakini hakumpa. "Na baba yako hajambo huko mjini? Nasikia makaburi ya Oban yana lami mpaka kichwani pa marehemu."

Beathag alitazama viatu vyake.

Kule, anayezikwa mwisho ndiye mlinzi wa geti. Huteka maji kijitoni na kuwapelekea wenzake wote waliolala, usiku na mchana, mpaka aje maiti mwingine ampokee ndoo. Kwa hiyo watu wa Cill Bhrannain hawachelewi kufuatana, na mume hamwachi mkewe zamuni. Baba yake Beathag alipofariki mwaka 1994, alikuwa ameomba jambo moja tu: apelekwe akampokee Oighrig. Lakini ulikuwa msimu wa wageni, na safari ya kwenda na kurudi ingekula siku mbili. Beathag alimzika Oban, asubuhi, na saa nane mchana alikuwa ofisini. Tangu hapo hakuna aliyezikwa tena Cill Bhrannain. Vijana walikuwa wamehama. Wazee waliobaki walikuwa hawafi.

"Mzee, hayo ni mambo ya zamani," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, ya zamani. Na ndoo yenyewe ni ya zamani, inalia. Mimi naisikia nikiwa kitandani, wewe huko mjini huisikii." Akamwekea ufunguo kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake vigumu. "Sikiliza, mwanangu. Ukipewa kitu, pokea au kataa. Usimtaje mtu ambaye hayupo kujisemea."

Beathag alianza kupima pale ambapo basi lingesimama. Alibonyeza saa. Akatembea kwa mwendo wa goti bovu, hatua... pumzi... hatua. Upepo ulikuwa umetulia. Mwani ulinuka. Dakika ya nne, daraja la mawe. Dakika ya saba, kijito.

Dakika ya tisa akasikia.

*Kwii... kwii... kwii...*

Chuma juu ya chuma. Mshikio wa ndoo.

Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa akipanda kutoka kijitoni, kitambaa kichwani, ndoo mbili mikononi. Beathag alimdhania mtu wa kijijini.

"Habari ya jioni, mama."

Mwanamke hakugeuka. Beathag alimfuata, kwa kuwa njia ilikuwa ile ile moja. Ndoo zilikuwa zimejaa, zikimwagika, lakini changarawe nyuma yake ilikuwa kavu. Kisha akasikia harufu ya sabuni nyekundu ya dawa, ile waliyofulia nyumbani kwao miaka yote, ambayo maduka yaliacha kuiuza zamani.

Dakika ya kumi na moja wakafika getini. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Beathag.

Geti lilikuwa wazi.

"Umechelewa," alisema yule mwanamke, akiwa bado amempa mgongo.

"Mimi... nimekuja kupima njia tu."

"Nani anafuata?"

Beathag alikuwa akiitazama ile mikono. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikosa pingili ya juu. Kilikatwa na geti hili hili mwaka 1951, Beathag akiwa mtoto wa miaka minane aliyelibamiza kwa mchezo. Ngozi ya viganja ilikuwa imechunika. Viatu walivyomzika navyo vilikuwa vimeisha nyayo.

Miaka kumi na sita.

"Mama..."

"Baba yako yuko wapi?"

"Oban, mama."

"Nani alimpeleka huko?"

"Mimi."

Maji yalicheza ndani ya ndoo. Kisha Oighrig aligeuka nusu, uso ukabaki ndani ya kivuli cha kitambaa, akanyoosha mkono wenye ndoo moja. Hakulazimisha. Aliinyoosha tu, kama anavyofanya mtu aliyechoka anapomwona mwanawe.

"Basi nishikie," alisema.

Beathag aliielewa ndoo hiyo. Angeweza kuipokea. Angeweza hata kusema, sasa hapana, mama, lakini mimi ndiye nitakayefuata, nisubiri. Maneno hayo yalimfika mdomoni. Badala yake mikono yake ilirudi nyuma ya mgongo yenyewe, kama ya mtoto aliyeiba sukari. Huko nyuma vidole vikaugusa mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na orodha ya wageni.

"Yupo mtu," alisema. "Ni wa hapa hapa, wa ukoo wa Rankin. Lachlan. Anakuja Juni."

Mkono wa mama yake ukabaki hewani.

"Anajua?"

"Anajua," alisema Beathag.

Alisimulia kwamba hapo ndipo mama yake alipomtazama sawasawa, na uso ule haukuwa na hasira. Angeshukuru kama ungekuwa na hasira. Oighrig alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya kidole, damu ikimtiririka, mtoto akiapa kwamba ni upepo. Aliujua uongo ule, na aliuchukua.

Ndoo ikashushwa chini. *Kwii...* Kisha hapakuwa na mtu.

Saa ilikuwa bado inakimbia mkononi. Beathag aliibonyeza. Aliandika: dakika kumi na moja.

Fearchar alipokea ufunguo mlangoni, akamtazama mara moja tu.

"Umemtaja nani?"

"Sijamtaja mtu."

"Haya," alisema mzee, akafunga mlango.

Kesho yake Beathag aliifuta Cill Bhrannain katika mpango wa siku ya kumi na tatu. Akaweka kiwanda cha sufu na chai. Alidhani jambo lisilokuwa kwenye karatasi haliwezi kutokea.

Juni ilipofika, safari ilikwenda vizuri kuliko zote alizowahi kupanga. Ireland mvua haikunyesha. Feri haikuchelewa. Lachlan Rankin alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mcheshi, mwenye goti bovu kuliko yote ndani ya basi. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu alimfuata Beathag kwenye kiti cha mbele.

"Mama mpanga safari, hapa pameandikwa sufu. Mimi sufu ninayo, nimeivaa. Makaburi yangu yako wapi?"

"Njia ni mbaya, mzee. Utaumia."

"Nimevuka bahari nzima, wewe unaniogopesha kwa changarawe?"

Basi zima likacheka. Dereva akacheka, akakata kona kuelekea Cill Bhrannain.

Angeweza kumwambia. Walitembea bega kwa bega kutoka kwenye basi, na njia nzima ilikuwa yao wawili, wengine wamebaki wakipiga picha bahari. Darajani alifungua mdomo, akauliza kama jua si kali. Kijitoni alimshika mkono, akamwambia aangalie jiwe. Getini, palipokuwa wazi tena, mzee aliomba aingie peke yake, naye akamwacha, akaenda kusimama mbali, akiwa ameona haya hata kuitazama ile njia.

Lachlan alirudi akifuta midomo.

"Watu wa kwenu ni wakarimu," alisema. "Mama mmoja amenipa maji. Baridi kama barafu. Nikamsaidia kushika ndoo kidogo, maskini, mikono yake ilikuwa imeisha."

Usiku ule Lachlan Rankin alifariki kitandani hotelini.

Ndani ya koti lake walikuta karatasi mbili. Moja ilikuwa ya daktari wake, ya Januari: moyo ulikuwa umekwisha, hangemaliza mwaka. Ya pili aliiandika mwenyewe, akiomba azikwe Cill Bhrannain kwa mababu zake, popote mauti yatakapomkuta. Akazikwa huko, wiki hiyo hiyo.

Watu walimfariji Beathag kwa hilo. Mzee alikuja kufa nyumbani, walisema, alijua kila kitu. Hata Ciorstaidh alimwambia hivyo, pale jikoni.

"Alijua kuhusu kifo," alijibu Beathag. "Kuhusu ndoo, nani alimwambia?"

Siku ya mazishi Fearchar alikuwa akirudisha udongo kwa koleo. Alipomaliza alimpita Beathag bila kusimama. "Tangu juzi nalala usingizi mzuri," alisema. "Mama yako amepumzika. Wewe je?"

Mwaka uliofuata bahari ilikula ukuta wa chini, na makaburi yakafungwa kwa maziko mapya. Waliruhusiwa tu wale ambao familia zao zilikuwa na nafasi iliyokwisha kutengwa. Nafasi kama hiyo ilibaki moja, kando ya Oighrig. Ilitengwa kwa ajili ya mumewe, na sasa ni ya Beathag. Yeye alikuwa ameandikisha kwamba mwili wake uchomwe mjini.

Ciorstaidh alimpelekea fomu ya kubadilisha agizo hilo, azikwe Cill Bhrannain badala ya kuchomwa. Iko chumbani kwake katika nyumba ya wazee, chini ya bilauri ambayo haruhusu mtu mwingine aijaze.

Katika waliohusika, Fearchar alifariki mwaka 2006, akazikwa kwingine, maana kwake palikuwa pamefungwa. Lachlan Rankin alifariki Juni 2003, na hakuna aliyezikwa Cill Bhrannain baada yake wa kumpokea ndoo. Ciorstaidh yu hai. Beathag yu hai, ana miaka themanini na moja, akili zake timamu. Kalamu anayo. Hajatia sahihi.