Injini Isiyolia

Jioni ile nilikuwa natoka duka la vipuri na filta mpya ya oili kwenye mfuko wa ovaroli. Ya tatu ndani ya wiki moja. Muuzaji akanitania, "Fundi, siku hizi unazitafuna?" Nikamwambia afunge domo anipe filta yangu. Sikuwa na moyo wa utani.

Mimi ni fundi magari. Mwanamke, ndiyo, na mwaka wa ishirini na mbili huu niko chini ya magari ya watu. Najieleza mapema usije ukadhani mimi ni mtu wa kushtuka ovyo. Wamekuja kwangu wateja wanalia gari limerogwa, nafungua boneti nakuta panya kakata waya. Nimewacheka sana watu hao.

Sasa sicheki.

Gereji yangu iko mbele, nyumba iko nyuma, katikati ni ua tu. Nilipofungua geti, giza lilikuwa linaanza kuingia. Bi Mkubwa alikuwa juu ya shimo la kufanyia kazi, pale pale nilipomwacha. Bi Mkubwa ni gari, si mtu. Ni steshenwagoni ya zamani ambayo mume wangu anasambazia mikate. Alikuwa nayo kabla hajanioa, ndiyo maana hupenda kuwaambia watu kwamba mimi ni mke mdogo. Asubuhi ile nilikuwa nimeng'oa betri kwa mikono yangu na kuiweka juu ya meza.

Nikachungulia dashibodi.

Taa ya oili ilikuwa inawaka.

Nyekundu... bila betri. Bila funguo.

Na kule chumbani, kwenye dirisha linalotazama uani, mume wangu akaanza kulia.

Ngoja nikueleze taa hiyo, maana wengi mnaiona tu. Ikiwaka, presha ya oili imeshuka. Oili haifiki kwenye vyuma. Hata dereva mlevi anajua cha kufanya: unazima injini hapo hapo. Ukijifanya hujaiona, vyuma vinasagana vikavu, injini inagonga, inalia, kisha inakufa. Na ikifa kwa njia hiyo haifufuki.

Taa ya Bi Mkubwa ilianza kuwaka siku nane kabla. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikachomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imejaa. Nikabadilisha swichi inayowasha taa, maana mara nyingi swichi ndiyo inayodanganya. Ikawaka. Nikakata kabisa waya wa taa.

Ikawaka.

Nikaona isiwe taabu, nikafunga geji yangu mwenyewe, ile ya kukaza moja kwa moja kwenye injini, ambayo haijui waya wala taa. Mchana kutwa sindano ilikaa penye presha nzuri, hata gari jipya lingeona wivu. Jua lilipozama, nikaiona sindano inashuka. Taratibu. Kama mtu anayeketi. Ikafika sifuri na ikabaki sifuri, na injini ikaendelea kunguruma kwa upole kabisa.

Nikaweka sikio karibu. Hakuna kugonga. Hakuna kukwaruza. Injini isiyo na oili hulia, nimezisikia mamia. Hii haikulia.

Aliyelia alikuwa mume wangu, chumbani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Taa ikiwaka, naye anashikwa. Mwili unakuwa baridi, mgongo unapinda, analia kwa sauti nyembamba ya chuma juu ya chuma. Kukicha anatulia, lakini kila siku anaamka kapungua. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema damu nzuri, moyo mzuri, apumzike. Apumzike! Mtu aliyekuwa anabeba kreti mbili za mikate kwa mkono mmoja, sasa kikombe cha uji kilikuwa kinamshinda.

Wifi yangu, dada yake, alikuwa amekuja kunisaidia kumuuguza. Jioni hiyo alinipokea mlangoni na shuka mkononi.

"Wifi... njoo unuse."

Nikanusa. Lilikuwa jasho la mume wangu, na lilikuwa na rangi nyeusi. Lilinuka oili iliyoungua.

"Jana alikuwa anaomba maji," wifi akanong'ona. "Leo haombi kitu. Wifi, huyu hafiki asubuhi."

Sijui niseme niliogopaje. Halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa naona vizuri zaidi. Nikageuka nikatoka kwenda kuchukua taa ya kichwani na spana.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpasua Bi Mkubwa."

"Wifi, usiiguse hiyo kitu! Tumtafute mtaalamu!"

"Mtaalamu wa magari ni mimi."

Ndipo nikasikia hodi getini.

Sauti ya kiume, ya chini, ya adabu. Hodi moja tu, kisha kimya. Nikafungua kidogo. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na barabara yote ilikuwa tope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Halafu ikaja harufu... ile ile ya shuka.

"Shikamoo, mama," akasema. Mtu mzima vile, ananiamkia mimi.

Sikuitikia. "Unataka nini?"

"Nimekuja kumchukua mzee. Leo ndiyo siku yake." Akatazama gari nyuma yangu. "Usifungue chini, mama. Ukiifungua ile, unamfungua na yeye."

Nilikuwa na spana mkononi, na yule alikuwa mtu wa kwanza kuniambia nisifungue gari kwenye gereji yangu mwenyewe.

"Hapa kwangu," nikamwambia, "nafungua ninachotaka."

Nikamfungia geti usoni. Hakugonga tena. Lakini chini ya geti, kwenye ule upenyo, viatu vyake vilibaki.

Nikashuka shimoni.

Mimi nina tabia moja. Kila bolti ninayoikaza naichora mstari wa rangi ya kucha, kuanzia kwenye kichwa chake mpaka kwenye chuma kilicho jirani. Mtu akiigusa, mstari unakatika, namjua mwongo. Nikamulika sampu, lile sinia la chini linalobeba oili. Bolti zote zilikuwa na mstari wangu wa pinki. Hakuna hata mmoja uliokatika. Tangu mwaka uliopita, nilipoifunga mimi, hakuna mkono mwingine uliofika hapo.

Nikamwaga oili kwenye beseni. Ilitoka ya moto. Injini haikuwashwa siku hiyo, betri iko mezani, na oili ikatoka ya moto mpaka ikaniunguza kidole. Kule chumbani mume wangu akapiga kelele.

"Wifi, acha!" dada yake akaita dirishani. "Unamuua!"

Nilikuwa nalia wakati huo, sikufichi. Nalia huku nafungua bolti. Ya kwanza... ya tano... ya kumi. Kila moja ilitoka na kelele za mume wangu. Nikasema moyoni, nikikosea hapa, mume wangu nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikasema, nisipofungua, nimemuua kwa woga. Nikaendelea.

Sampu ikashuka.

Ndani, kwenye ncha ya bomba, huwa kuna chujio la wavu ambalo pampu hunyonyea oili. Kwenye wavu ule palikuwa na kifurushi, ukubwa wa yai. Kitambaa cha shati la buluu. Shati la mume wangu la kazini, lile aliloniambia limepotea. Kifurushi kilikuwa kinatanuka na kusinyaa.

Kinatanuka... kinasinyaa.

Na kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, kwa fundo ambalo nalijua. Ni la mizunguko mitatu, na ncha inapita chini. Namna hiyo hufunga mtu mmoja tu, anapofunga kreti za mikate juu ya gari.

Nikakumbuka. Mwaka uliopita nilimwambia, beringi za Bi Mkubwa zimekwisha kabisa na mpya hazipatikani, hamalizi miezi miwili. Siku nilipofunga sampu alinishikia taa na kunipa vifaa, kimoja kimoja. Chujio alilisafisha yeye. Nikalipokea nikalikaza kama lilivyo, sikulimulika, kwa sababu alinipa mume wangu. Kwa mteja nisingefanya hivyo kamwe. Gari likaenda mwaka mzima, nami nikatamba mtaani kote kuhusu mikono yangu.

Nikamulika beringi. Zilikuwa zimelika mpaka shaba, nyingine zimevunjika vipande. Injini ile isingeweza kufika hata kona ya barabara. Ilikuwa inatembea kwa kitu kingine.

Nikapanda nikaenda dirishani na mikono inadondosha oili.

"Mzee," nikamwita. "Ulifunga wewe?"

Wifi akamwinua kichwa. Macho yake yalikuja mpaka kwangu kwa shida.

"Nilitaka isife..." akanong'ona. "Ulisema haina miezi miwili. Bila gari mimi nani? Nikae nilishwe na mke?" Akavuta pumzi. "Yule wa shati jeupe aliniambia itakunywa kidogo tu."

Mungu wangu, nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa pamoja. Mjinga mkubwa yule. Mwaka mzima amelala pembeni yangu ananywewa, na hakusema!

"Alisema ukomo wake ni lini?"

Macho yakamfumba. Kule kwenye gari, sindano ya geji ikatikisika yenyewe, tik... tik...

Nikarudi shimoni na kisu. Nikakata fundo. Kifurushi kikapiga mlio mdogo, wa mtoto wa paka, na ndani yake palikuwa na nywele, kucha, na kimiminika cheusi kilichonitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nilitarajia taa izime.

Haikuzima. Iling'aa zaidi. Na injini, haina oili, haina sampu, haina betri, ikajiwasha yenyewe juu ya kichwa changu. Ikanguruma kwa upole.

"Umeona, mama?" sauti ikasema kutoka chini ya geti. "Kifurushi ni karatasi tu ya makubaliano. Mimi niko humo kwenye injini. Nayo haifi mpaka yeye aishe."

Hapo nikacheka. Kweli, nilicheka kwa sauti. Maana aliniambia mimi, kati ya watu wote duniani, kwamba injini haifi.

Nikaingia kwenye gari. Kiti kilikuwa na joto, kana kwamba kuna mtu katoka kukikalia. Taa nyekundu ilinijaa usoni. Mikono yangu, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, ilikwenda yenyewe kwenye tundu la funguo ili nizime. Nikaikataza.

Nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Bi Mkubwa akanguruma. Hakulia. Nikasubiri. Mguu chini. Moshi ukaanza kupanda, harufu ya kuungua ikanijaa kooni. Dakika moja. Mbili. Geti likaanza kutikisika.

"Toa mguu, mama."

Nikakanyaga zaidi.

"Alinipa mwenyewe! Kwa mkono wake!"

"Alikupa kisichokuwa chake peke yake!" nikapiga kelele. "Huyo ni mume wangu! Nimemzalia, nimemlilia, nimemfulia mashati ishirini ya buluu! Ulikuja kuniuliza mimi? Hukuja! Basi lia! Lia, mshenzi wewe!"

Na injini ikagonga.

Mara moja, ko. Kimya kidogo. Tena, ko, ko. Kisha vyuma vikashikana, ikaanza kulia kama inavyopasa kulia, kilio kikali cha chuma kikavu. Na ndani ya kilio hicho nilisikia kilio cha pili, cha mtu, kikitokea getini. Gari likaruka. Kitu kikapasuka chini ya miguu yangu.

Kimya.

Taa ikazima.

Sikuthubutu kushuka. Chumbani hakukuwa na sauti yoyote. Hakuna kulia, hakuna kukoroma, hakuna wifi. Nikakaa na mikono kwenye usukani, nikasema basi, nimemuua.

Halafu nikasikia kikohozi. Na sauti ya mume wangu, imekwaruza, ya hasira: "Nani kamuua Bi Mkubwa?"

Nililia mpaka nikashindwa kufungua mlango.

Getini viatu vilikuwa bado vipo. Nikaenda nikafungua lote, wazi. Shati lake jeupe lilikuwa na masizi kifuani, lakini adabu yake ilikuwa pale pale. "Deni la mzee halijafutika, mama," akasema. "Ni gari tu limekufa. Lakini mimi sina haraka." Akavuka barabara, akaketi juu ya ukuta mfupi ulio mkabala na geti langu.

Miezi saba sasa. Mume wangu amenenepa, anasambaza mikate kwa baiskeli ya magurudumu matatu, na mimi bado sijamsamehe vizuri. Ananung'unika kwamba namchunga. Kweli namchunga. Wifi haoni mtu juu ya ukuta ule, wateja hawaoni, mume wangu hataki kutazama upande huo.

Mimi namwona. Kila jua likizama yuko pale, mikono juu ya magoti, anatazama dirisha letu. Nami hutoa kiti changu, nakiweka katikati ya geti na kuketi, nikimtazama.

Alisema hana haraka. Haya. Na mimi sina pa kwenda.