Ngozi ya Beberu

Theluji iliwakuta mlimani kabla hawajaanza kuteremsha mbuzi. Asubuhi Delfina alisukuma mlango wa kibanda cha mawe, ukagoma. Njia ya kushukia bondeni, kule nyumbani, ilikuwa imezikwa.

"Si nilikwambia tushuke mapema, mjomba?"

"Majani yalikuwa bado mazuri," alijibu Hortensio. "Tutakaa mpaka mipichi ya mama yako ichanue."

Maskini, walikaa. Mbuzi wengi waliganda zizini, waliobaki wakachinjwa mmoja mmoja. Zamu ya beberu ilipofika, Delfina aliona kamba ya ngozi yake imelegea. Wafugaji wa kule humfunga beberu kipande cha ngozi tumboni asipande majike mapema, watoto wakazaliwa kwenye baridi.

"Hii uliifunga kwa miguu?"

"Nimefunga mabeberu hujazaliwa. Chochea moto!"

Lakini baridi haikuisha. Vidole vya miguu vya Hortensio vilikuwa vyeusi. Aliongea juu ya nyumbani tu, mkate wa jikoni kwa dada yake, maji ya mto yakipanda, kisha hata hayo akayaacha. Chakula chake alikuwa akimsogezea Delfina.

"Nikinyamaza kabisa, shuka peke yako."

"Nyamaza uone nitakavyokuzaba kofi."

Alisema hivyo huku machozi yakimtoka. Akanoa kisu, akamwendea jike la mwisho. Alipompapasa tumbo, kitu kikampiga teke mkononi.

"Mjomba! Ana mimba!"

"Mwezi huu? Haiwezekani, labda..." Hortensio akageukia ukuta.

Delfina alirudisha kisu. Alichomoa nyasi za paa akamlisha mbuzi, wao wakachemsha mifupa mitupu. Ilikuwa kamari ya kutisha. Mwanambuzi alipozaliwa, Delfina alikamua kikombe cha kwanza, akamwinua mjomba kichwa, akamnywesha kidogo kidogo. Alikunywa. Kesho yake akaomba tena.

Theluji ilipoyeyuka waliteremka, Hortensio akimwegemea mpwa wake, mbuzi na mwanawe wakiwafuata. Bondeni mipichi ilikuwa imechanua. Majirani walikimbia kuwalaki, wakakumbatiana, wakalia. Kisha mmoja akamwona mwanambuzi, mkubwa kuliko wote waliozaliwa bondeni mwaka huo, akaangua kicheko.

"Huyu wa lini? Mzembe gani alimfunga beberu?"

Delfina alifumbua mdomo amtetee mjomba wake. Hortensio, ambaye maishani hakuwahi kukiri kosa, alimzuia.

"Mimi," alisema, akainua mikono yote miwili waione.