Video ya Harusi Iliyoniharibia Jina

Nina miaka ishirini na saba, naishi Garissa. Kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake, kule wanaume hawaruhusiwi kuingia. Ndugu wasomaji, kazi hii ni kuaminiwa tu! Wanawake huvua buibui na kucheza mbele ya kamera yangu wakijua siri yao iko salama.

Mwaka jana habaryar, yaani mama yangu mdogo, alimwoza bintiye Hodan, akaniita nipige video. Nilipotaja malipo ya awali alicheka.

"Kwani mimi mgeni? Maliza kazi, pesa yako utapata."

Nikaona haya... nikakubali. Kamera nilikodi kwa deni. Wiki tatu nilikesha nikiihariri ile video. Siku niliyoimaliza, Hodan alirudi kwao na begi lake. Ndoa imevunjika!

Nilisubiri mwezi mzima. Mwenye kamera akachoka na ahadi zangu, akabeba kompyuta yangu; bahati video nilikuwa nimeihamishia kwenye flashi. Ningefanya nini? Nilikwenda kwa habaryar kwa unyenyekevu.

"Unadai pesa ya harusi gani?" aliniuliza. "Husikii msichana analia ndani?"

Nikamwambia kazi niliifanya, na ndoa sikuivunja mimi. Akanifungia mlango.

Siku chache baadaye, Ramadhani ikikaribia, nikasikia maneno sokoni... eti nimetishia kuwaonyesha wanaume ile video nisipolipwa! Mimi! Wallahi sijawahi hata kuliwaza jambo hilo! Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiapa. Walinipa chai, wakanisikiliza, lakini kazi hawakunipa tena. Harusi mbili nilizoahidiwa kule mji wa Bute zikapewa mwingine. Hata mama yangu mzazi alinitaka nimwombe dadake msamaha. Kwa kosa gani?

Kisha Hodan akanipigia simu, analia.

"Najua hukusema hivyo. Lakini mama siwezi kumpinga. Tafadhali, ifute."

Niliazima kompyuta, nikachomeka ile flashi, nikaifuta. Ndiyo iliyokuwa shahidi pekee kwamba nilifanya kazi...

Dada zangu mnaojitafutia riziki, nawasihi! Msione haya mbele ya jamaa. Chukueni nusu kabla ya kuanza, mwandikiane, na awepo mtu wa tatu, hata kama anayewapa kazi ni mama yenu mdogo. Mimi sikufanya hivyo. Kumshtaki habaryar siwezi, na kujitetea nimechoka. Tangu Ramadhani hakuna aliyenipigia kunipa kazi.