Diski Iliyoingia Ikakataa

Kila asubuhi mama alibonyeza kitufe cha kompyuta, akaenda kufagia na kuosha vyombo, na akirudi aliikuta bado inajivutavuta. Mama alikuwa mchapaji. Aliwachapia watu barua na ripoti palepale sebuleni, na subira yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

Binti yake wa miaka kumi na mitatu, aliyebandikwa jina la Najua, ndiye aliyeshauri waweke diski ya SSD, zile ndogo kama kipande cha rula zinazoamsha kompyuta upesi. Shangazi yake, aliyefanya kazi karibu na maduka ya vifaa, alikubali kuwanunulia. Kwanza alipiga simu kuuliza kama Najua amehakikisha ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita mazabodi, unapokea diski ya aina gani.

"Nimeshaangalia, shangazi," alijibu.

Ukweli ni kwamba alichungulia tu, akaona tundu la kuchomekea, akaridhika.

Diski ilifika Jumamosi, na mama alikuwa na ripoti ya muuguzi ya kukabidhi Jumatatu. Najua akachomoa waya wa umeme, akafungua kasha, akachomeka diski. Ikaingia vizuri, akakaza skrubu, akawasha. Kompyuta haikuiona. Akazima, akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Wapi! Alipojaribu mara ya tano jasho lilikuwa likimtiririka, na mama amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo?" mama aliuliza.

Najua akasema diski ni mbovu. Mama akashusha pumzi, akachukua simu amwambie wifi yake kwamba ameuziwa takataka. Najua akamshika mama mkono. Shangazi alizunguka madukani juani kwa ajili yao, sasa alaumiwe bure?

"Mama, usimpigie. Sikuangalia. Nilimdanganya."

Mama akaiweka simu mezani. Kisha akamwamuru avae viatu, abebe kompyuta mwenyewe mpaka kwa fundi.

Fundi, mwanamke wa makamo mwenye bisibisi nyuma ya sikio, alisoma herufi ndogo zilizochapwa kwenye ubao, akatafuta mwongozo wake kwenye simu, akampa Najua asome kwa sauti. Tundu lile lilipokea SSD za aina ya SATA pekee. Lebo ya diski yao ilisema NVMe, aina nyingine kabisa. Yalikuwa maandishi ya mstari mmoja tu, wala hayakuhitaji dakika mbili kuyasoma.

"Umbo moja, lugha mbili," fundi alisema. "Kuingia si kuelewana."

Jioni ile Najua alimpigia shangazi akamwomba radhi. Shangazi alilalamika weee, lakini duka likakubali kuibadilisha. Ripoti ya muuguzi ilichapwa kwenye diski ya zamani, huku mama akisonya kila inapokwama. Diski nyingine ilipofika siku ya Jumatano, Najua alilinganisha lebo na mwongozo kabla ya kugusa bisibisi. Kompyuta ikaitambua mara moja.

Mama alivuta kiti, akamketisha karibu naye.

"Kutojua kuna dawa, mwanangu. Utauliza, utasoma, utaelezwa. Lakini ukisema umeangalia kumbe hujaangalia, hakuna atakayeangalia kwa niaba yako. Shangazi yako aliuliza ili akusaidie, nawe ukamfungia mlango."