Miezi Saba ya Kumuogesha Mama Thérèse

— Usinishike! Umemukatisha mama yangu muguu, na bado unanyoosha mukono unishike?

Lionel aliyasema hayo katikati ya korido ya hospitali, mbele ya wauguzi na watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Katungu alibaki na mkono hewani. Mkono wenyewe ulikuwa huo mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa kwa sababu mfupa wa bega ulivunjika, na kichwani alikuwa na nyuzi kumi na moja. Alikuwa ametoka kitandani bila ruhusa, miguu mitupu, kumtafuta mchumba wake.

— Lionel, pardon. Miye sikumbuki kitu. Nakumbuka tulifika Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, kisha hakuna kitu tena.

— Mama anakumbuka. Ulikuwa unakimbizana na lori ya Fuso. Alikuambia upunguze, ukakataa.

— Miye? Na mama yako nyuma?

— Ingia umuulize mwenyewe.

Katungu alikuwa motard, mwendesha pikipiki wa kubeba abiria. Pale parking yao wanawake walikuwa watatu tu, na yeye ndiye wateja wenye watoto na wanawake wenye mimba walimuulizia kwa jina. Miaka miwili barabarani hakuwahi kumwangusha mtu. Hata Lionel alimpatia huko huko: alimbeba siku moja ya mvua, kesho yake Lionel akamtafuta tena, kesho kutwa tena, mpaka motard wenzake wakaanza kumcheka. Ndoa ilikuwa imepangwa mwezi wa nane. Jumamosi ile ya mwezi wa tatu alikuwa anampeleka mama mkwe wake kwenye kilio cha msiba, Sake. Lionel hakuwepo, tangu Jumanne alikuwa Bunagana, kwenye kazi yake ya kutoa mizigo ya watu douane, forodhani mpakani.

Katungu aliingia chumbani. Mama Thérèse alikuwa amelala chali, na chini ya goti la kulia shuka lilikuwa limelala bapa.

— Mama, ni kweli nilikuwa nakimbizana na Fuso?

Mama Thérèse aliangalia ukuta. Akaangalia dirisha. Akarudi tena ukutani.

— Ni kweli, alisema.

Katungu akapiga magoti pale chini na kulia mpaka muuguzi akaja kumwinua.

*

Siku Mama Thérèse aliporudi nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, Lionel aliwaita Katungu na baba wa Katungu, Papa Dieudonné, akawakalisha kwenye viti vya plastiki.

— Papa, niseme wazi. Dada zangu wote waliolewa Butembo. Miye kazi yangu ni Bunagana. Sasa nani atamuogesha mama?

— Tafuteni mutu wa kazi, Papa Dieudonné akajibu. Mutoto yangu naye bega yake haiyapona.

— Mutu wa kazi ndiye alimuangusha?

— Lionel, chunga mudomo yako.

— Papa, acha, Katungu akasema. Nitamuogesha. Ni miye nilimufanya vile.

Akaanza. Kila asubuhi alitoka kwao kwa miguu, akavuka mitaa ya mawe meusi, akafika, akajaza bidon ya maji, akawasha mbabula, jiko la makaa, na kuyachemsha. Alimwogesha Mama Thérèse, akambeba chooni, akafungua bandeji, akasafisha kigutu, akafunga tena. Pikipiki yake baba yake aliitengeneza, lakini Katungu hakutaka hata kuiona. Ilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Kiongozi wa parking, Muzee Mbarushimana, alikuwa amempigia simu:

— Katungu, wateja wanasema wanawake wanaua watu barabarani. Hata wale wenzako wawili sasa hawapate mutu wa kubeba. Kaa kwanza nyumbani, mutoto.

— Sawa, muzee.

Mama Thérèse hakuwa mgonjwa rahisi. Uji ukiwa mzito, bakuli linaruka. Wageni wakija, anamnyooshea kidole.

— Huyu ndiye. Angalieni vizuri sura yake.

Wageni wanaangalia. Katungu anawapa viti.

Mchana mmoja, alipokuwa anamsuka nywele, Mama Thérèse aliuliza bila kugeuza kichwa:

— Katungu, weye hunichukii?

— Nikuchukie juu ya nini, mama? Ni weye ungepaswa kunichukia.

Mama Thérèse akaanza kulia, mabega yanatikisika, na Katungu akadhani ni kigutu kinamuuma. Akamletea dawa.

Lionel alikuwa anakuja kwa mwezi mara moja. Alisalimu mlangoni, akafunika pua, akasema Bunagana kuna kazi nyingi. Mwezi wa nne wa kumuogesha, Katungu akiwa anafua mashuka ya Mama Thérèse, simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Akafuta povu, akasoma:

"Katungu, familia imekaa kikao. Mariage haitafanyika tena. Hatuwezi kuoa mutu aliyemupa mama yetu ulemavu. Lakini mama amekuzoea. Endelea kuya asubuhi, usiache."

Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine, naye akaufuta. Mwishowe akatuma neno moja: "Sawa." Akaendelea kufua.

Jioni baba yake alipouona ujumbe ule, alirusha kofia chini.

— Mutu amekuacha, na kesho unaenda kumuosha mama yake? Katungu, umerogwa?

— Papa, haiko juu ya Lionel. Yule mama alikuwa anatembea. Miye ndiye nilimuchukua akiwa na miguu mbili.

— Na utamuosha mupaka lini?

— Sijui, papa.

*

Mwezi wa saba wa kazi hiyo, siku ya Jumapili, baada ya misa, taxi ilisimama mbele ya nyumba. Lionel akashuka, shati jeupe, kiatu kinang'aa. Nyuma yake akashuka msichana mnene kidogo, mzuri, ana mtoto mgongoni.

Katungu alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya mbabula. Msichana akamkaribia akitabasamu.

— Jambo, dada. Miye ni Élodie. Weye ndiye mufanyakazi? Lionel anakusifia sana, anasema mama hawezi kuishi bila weye.

Katungu alimwangalia Lionel. Lionel aliangalia kiatu chake.

— Ndiyo miye, Katungu akasema. Mutoto ana miezi ngapi?

— Tano. Alizaliwa mwezi wa tano.

Katungu akarudi nyuma kwa vidole. Mwezi wa tano, wa nne, wa tatu. Mwezi wa tatu mtoto huyu alikuwa tumboni, na yeye alikuwa anapima gauni la arusi.

— Lionel, huyu mutoto...

— Usianze, Lionel akamkata kwa sauti ya chini. Weye ndiye uliharibu kila kitu siku ile. Usinilaumu miye juu ya maisha yangu. Élodie amechoka na safari. Muchemushie maji aoge.

Na Katungu, msomaji wangu, alichukua sufuria. Miezi saba alikuwa ameambiwa yeye ni mkosaji, mpaka akaamini kwamba hata hilo analistahili. Alijaza maji, akainua.

— Katungu. Weka hiyo sufuria chini.

Ilikuwa sauti ya Mama Thérèse. Alikuwa amejiburuta na béquilles zake, magongo ya kutembelea, mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya peke yake, jasho linamtoka.

— Mama, utaanguka, Katungu akasema.

— Weka chini nimesema! Hutamuchemushia huyu maji. Hapana. Hiyo sasa imezidi.

— Mama, kaa, umechoka, Lionel akasema haraka.

— Nyamaza weye! Katungu, nisikie. Ile siku hukukimbizana na mutu. Hapakuwa Fuso. Ulikuwa unaenda polepole mupaka nilikuwa nakulaumu tutachelewa kilio.

— Mama! Tulikubaliana!

Neno likamtoka Lionel kabla hajalikamata. Élodie aligeuka kumwangalia. Katungu naye.

Mama Thérèse hakuishia hapo. Alisema kama mtu anayetapika:

— Pale Lac Vert nilimuona mutoto yangu mbele ya nyumba moja ya barabarani. Yule aliyekuwa Bunagana! Amevaa singleti, anaanika nguo za mwanamuke kwenye kamba. Lionel, ambaye hapa kwangu hajaosha hata kikombe! Na huyu musichana amekaa pembeni, tumbo iko mbele. Nikapiga kelele: simama! Nikakuvuta mukono, Katungu, kwa nguvu yangu yote. Guidon ya pikipiki ikageuka. Tukaingia kwenye mawe.

Mtoto alianza kulialia mgongoni kwa Élodie.

Katungu aliketi juu ya bidon.

— Ulinivuta.

— Nilikuvuta.

— Na huyu alijua tangu lini?

— Tangu siku ya pili, hospitali. Nilimuita nimutukane. Akaniambia: Mama, Katungu akijua ataondoka, na nani atakuogesha? Nikaangalia muguu yangu. Nikaona anasema kweli. Nikanyamaza.

— Miezi saba, mama.

— Ndiyo.

— Nilikuwa naamuka naangalia mikono yangu. Nashika kikombe naogopa. Pikipiki inapita barabarani, miye nageuza uso. Ulikuwa unaniona nalia hapa, na miye nakusuka!

— Nilikuwa nakuona.

— Na hukusema.

— Kama ningesema, ungeenda, Mama Thérèse akasema. Nilikuwa naogopa kuoza hapa peke yangu. Ni hiyo tu.

Lionel akaja mbele, mikono imefunguliwa.

— Katungu, tuongee kama watu wakubwa. Ilikuwa accident. Hakuna aliyetaka...

— Usinikaribie.

Katungu alitoa simu, akapiga namba, akaweka sauti kubwa.

— Alo, Muzee Mbarushimana? Ni Katungu. Kuna mutu anataka kukuambia kitu. Mama, mwambie.

— Katungu, aibu hii... Lionel akaanza.

— Mwambie, mama.

Mama Thérèse akaegemea mlango, akayarudia yote kwenye simu: kamba ya nguo, mkono, guidon. Upande wa pili muzee akasema:

— Mama, miye nilimusimamisha huyu mutoto. Wenzake wawili waliacha kazi. Sasa nikuambie nini?

Simu ikakatika.

Élodie alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amembana kifuani.

— Lionel, uliniambia uliachana na muchumba wako kabla yangu. Uliniambia huyu ni mufanyakazi!

— Tutaongea nyumbani.

— Kwanza hapa, Katungu akasema. Saa ya kubadilisha bandeji imefika. Lionel, kuya.

— Miye?

— Ni mama yako. Mukalishe, kisha piga magoti.

Labda ni macho ya Katungu, labda ni ya mama yake. Lionel alipiga magoti na suruali yake ya misa. Katungu alisimama juu yake, mikono nyuma.

— Fungua. Polepole. Sasa osha, usisugue. Kausha. Bandeji inaanzia chini, inapanda juu. Umelegeza, itavimba. Kaza. Hapana, sasa umekaza sana, hutamusikia akilia sababu yeye hulia kimya. Fungua, anza tena.

Lionel alianza tena. Mara ya tatu alikimbia pembeni ya uzio akatapika. Akarudi. Mama Thérèse alimtazama mwanaye muda wote bila kufumba jicho.

— Mara mbili kwa siku, Katungu akasema. Dawa iko juu ya kabati. Asubuhi mugeuze kwanza, mugongo umeanza kuwa mwekundu.

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akachukua viatu vyake.

— Katungu, Mama Thérèse akaita. Kesho utakuya?

— Hapana, mama.

— Hata kunisalimia?

Katungu alifunga kamba za viatu, akatoka.

*

Wiki moja nzima alilala. Wiki ya pili aliondoa turubai. Papa Dieudonné alimshikia pikipiki kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli, na mara ya kwanza Katungu alifika mita ishirini tu, akashuka. Wakafanya hivyo kila asubuhi. Baada ya mwezi alirudi parking. Motard wenzake wakampisha mbele kwenye foleni.

Alikuwa amempata mteja, mama mmoja na kapu la maembe, simu ilipolia. Hakuwa ameifuta namba ile.

— Alo, Katungu. Ni miye.

— Nakusikia, mama.

— Élodie alirudi kwao. Alikaa siku tisa. Alichukua mutoto.

— Na nani anakuogesha?

— Lionel. Aliacha Bunagana. Anafumba macho, ananiogesha kama anaosha gari.

— Na maji?

— Ya baridi.

Katungu aliangalia ziwa kule chini, kati ya mabati ya nyumba. Mteja wake alikuwa amekwisha panda, kapu mapajani.

— Mwambie ayachemushe, akasema.

— Nimemwambia. Hasikii. Katungu, mutoto yangu, siku moja tu. Unitengenezee mugongo, uniambie umenisamehe, kisha uende.

Katungu alimfanyia mteja ishara asubiri.

— Mugongo upakwe mafuta, Katungu akasema. Alale ubavu, abadilishe kila saa mbili. Namaanisha weye, mama. Ulale ubavu.

— Na kuya?

— Sijui, mama.

— Basi kunisamehe?

— Hapana. Hiyo bado.

Akakata. Alikaa na simu mkononi mpaka mteja akamgusa mgongoni kwa kidole kimoja.

— Ma chère, tunaenda ao nitafute mwingine?

— Tunaenda, mama. Shikilia nyuma.

Akawasha pikipiki, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia barabarani polepole, machozi yakimkauka usoni kwa upepo.